Dripu Ikilala, Iamshe

Kila asubuhi, kabla hajasalimia mtu, Sista Matone alitoa mkobani pakiti ya sukari ya kilo moja akailaza juu ya mizani ya watoto. Aliilaza kwa mikono miwili, taratibu, kama anayeogopa isiamke ikalia. Mshale ukisimama kwenye moja, sukari ilirudi mkobani na siku ilianza. Mshale ukienda kombo, alichukua bisibisi, akakaza kiskurubu cha ubavuni, akailaza tena mpaka apate jibu alilolitaka.

"Sista, sukari imeamkaje?" akina mama walimchokoza.

"Salama. Haijanenepa, haijakonda. Ingekuwa mwanamume ningeolewa nayo mara ya pili."

Walicheka, naye aliwaacha wacheke. Mizani ikidanganya kwa nusu kilo, dawa yote ya siku ile ingedanganya, maana katika wodi ya watoto hakuna kitu kinachotolewa bila kuuliza kilo. Mtu mzima ukimkosea kidogo, mwili wake mkubwa unakusitiri. Mtoto hana pa kukufichia kosa.

Jina la Sista Matone alipewa na akina mama wenyewe, kwa sababu ya maneno yake. Wodi ilikuwa na vitanda vingi na wauguzi wawili, na siku mbaya watoto walilala wawili wawili, mzungu wa nne, miguu ya huyu kichwani kwa yule. Kila mwenye dripu alihitaji mtu wa kukaa akitazama matone yanavyodondoka, na macho ya wauguzi wawili hayakutosha. Akina mama walikuwepo, macho wanayo, lakini wengi hawakuwa na saa ya mkononi, na ukutani kulibaki msumari tu wa kuonyesha kwamba saa iliwahi kuwepo.

Basi aliwapa maneno. Mtoto mkubwa, mwenye kilo nyingi na maji mengi, mama yake alipewa maneno mawili: "Kunywa, baba." Tone moja, maneno mawili, tena tone. Mtoto mdogo, mama yake alipewa sentensi ndefu ya kusemwa bila haraka: "Mwanangu, kunywa polepole, mama yupo." Hapo kwenye "yupo" ndipo tone lidondoke. Sista Matone mwenyewe alipiga hesabu kwa kilo, akaweka matone kwa saa yake, kisha akatafuta maneno yanayolingana na mwendo ule, akamwimbisha mama mpaka ayashike. Ukiingia wodini mchana ungesikia mnong'ono kitanda hadi kitanda, kama watu wanaosali kila mmoja sala yake. Mtoto akipona na kuongezewa maji, mama alijigamba, "Wangu amepanda cheo, ana maneno mawili siku hizi."

Na sheria ilikuwa moja, fupi, hata bubu angeikariri: dripu ikikimbia, niite, dripu ikilala, iamshe. Kwa maana watoto hukunja mikono, na mkono ukikunjwa dripu husinzia, damu ikaganda kwenye sindano, na mtoto akatobolewa upya kama mto wa pini. Kwa hiyo mama aliruhusiwa kuunyoosha mkono, na kama bado, kukizungusha kidogo kile kigurudumu cha kubania mpira, mpaka tone lifuatane na maneno. Matroni aliipenda njia hiyo. Aliwaleta wauguzi wa wodi nyingine waje waione, akasimama katikati ya wodi mikono kiunoni akasema, "Hapa watoto wana walinzi."

Aliyewazidi wote kwa ulinzi alikuwa Bibi wa Dirishani. Alikuja na mjukuu mwenye kifua, akakaa na kukaa, mpaka akawa kama samani ya wodi. Mgeni akilazwa, kabla muuguzi hajamfikia, Bibi alishampa masomo. "Sista ndiye mwalimu mkuu," alisema, "mimi ni msaidizi wake asiyelipwa."

"Umelipwa kitanda cha dirishani, Bibi."

"Kitanda chenyewe kina bonde. Nikigeuka mjukuu ananidondokea kama embe."

Katika wodi hiyo ndipo aliletwa mtoto wa Mama Kinda. Walimwita hivyo kwa sababu mwenyewe alikuwa bado kinda, shingo nyembamba, kanga imemzidi kimo. Mumewe, fundi baiskeli, aliwafikisha mlangoni, akasimama akipangusa mikono yenye grisi kwenye suruali asijue aiweke wapi, kisha akarudi kazini. Mtoto alikuwa wa kike, mwenye mwaka na zaidi, lakini mizani iliyoamka salama asubuhi ile ilisema kilo sita. Alikuwa ameharisha muda mrefu. Ngozi ya tumbo ukiifinya ilibaki imesimama.

Daktari wa wodi, kijana mwenye miwani iliyofungwa uzi sikioni, alimsikiliza kifua, akamtazama Sista Matone.

"Huyu moyo wake umechoka kama mwili. Maji kidogo, polepole. Tukimmiminia tutamzamisha."

"Mililita nne kwa kila kilo?"

"Nne, kila saa."

"Sita mara nne, ishirini na nne."

"Ishirini na nne."

Hiyo ilikuwa desturi yao, kupigiana hesabu kwa sauti kama muuza na mnunuzi, kila mmoja airudie namba ya mwenzake kabla chochote hakijamwingia mtoto. Na kwa mpira wa dripu wa watoto, ule wenye kikombe cha kupimia juu na matone madogo kama ya ukungu, hesabu huishia hapo hapo: mililita ishirini na nne kwa saa ni matone ishirini na nne kwa dakika. Sista Matone aliweka, akakaa kitandani kando ya Mama Kinda.

"Sema na mimi. Mwanangu, kunywa polepole, mama yupo."

"Mwanangu, kunywa polepole, mama yupo," alisema Mama Kinda, na tone likadondoka. Akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Kumbe ananisikia."

"Anakusikia. Usikimbize maneno."

Siku nzima na usiku wake Mama Kinda hakukimbiza maneno. Asubuhi mtoto alifumbua macho, akadai titi. Bibi wa Dirishani alipiga kigelegele kidogo cha wodini, cha mdomo uliofunikwa kwa kiganja.

Basi asubuhi hiyo hiyo mtoto alivuta mkono, mshipa ukapasuka, mkono ukavimba, na damu ikaganda ndani ya mpira. Sista Matone aliung'oa wote, akaenda stoo kuomba mwingine.

"Ya watoto imekwisha," alisema mtunza stoo bila kuinua kichwa. "Nina ya wakubwa."

"Nikisema siitaki?"

"Basi utarudi mikono mitupu, sista wangu. Mimi si mzazi wa mipira."

Akaichukua. Mpira wa wakubwa hauna kikombe cha kupimia, chupa inashuka moja kwa moja mpaka mshipani. Na tone lake ni nene, tone moja limebeba matatu ya ule wa watoto. Alilijua hilo kama anavyolijua jina la mama yake. Ishirini na nne gawanya kwa tatu ni nane. Aliupata mshipa mguuni, akafunga, akatoa saa yake, akabana kigurudumu mpaka matone yakawa nane kwa dakika, mazito, ya kusubiriwa.

"Nane, mpira wa wakubwa," alimwambia daktari aliyekuwa akipita.

"Nane," daktari alijibu, akasimama kidogo kutazama tone, akaenda zake.

Sista Matone akamgeukia mama. "Mama Kinda, nisikilize vizuri. Leo matone ni..."

"Sista!" Ilikuwa sauti ya daktari, kutoka mlangoni. Ameletwa mtoto wa degedege, macho yamegeuka, povu mdomoni.

"Narudi," alisema Sista Matone, akakimbia.

Yule wa degedege alikuwa na kilo kumi na mbili. "Nusu miligramu kwa kilo," alisema daktari akiwa amemshikilia mtoto ubavu. "Sita," alisema Sista Matone. "Sita." "Kichupa kina kumi ndani ya mililita mbili, basi ni moja na pointi mbili." "Moja na pointi mbili, vuta." Akavuta dawa, akainua sirinji mbele ya macho ya daktari, wote wawili wakasoma mstari mmoja. Mtoto alitulia, kisha akaanza tena, kisha sukari ya damu ikawa chini. Alipotulia kabisa, akaingia mwingine anayehema kama mvukuto. Muuguzi mwenzake alikuwa amekwenda kuchukua damu maabara. Kazi ya wodi ni kama maji ya mafuriko, haikuombi ruhusa. Neno lile "narudi" likabaki hewani.

Yaliyotokea nyuma ya mgongo wake alisimuliwa baadaye na Bibi wa Dirishani mwenyewe, kwa sauti ya mtu anayetapika.

Bibi alikuwa ameinuka kunyoosha miguu, akaiona dripu ya jirani. "Wee binti, hiyo yako imelala fofofo. Hebu sema maneno."

Mama Kinda akasema maneno, mara moja, mara mbili, mara ya tatu ndipo tone likadondoka.

"Unaona?"

"Labda Sista kaipanga hivyo."

"Aipange ilale? Sista amesemaje? Ikilala?"

"Iamshe."

"Sasa unasubiri nini, posa?"

Mama Kinda aliunyoosha mguu wa mtoto kwanza, kama alivyofundishwa. Haikusaidia. Ndipo akakizungusha kigurudumu, kidogo, tena kidogo, huku akisema maneno yake bila kuyakimbiza, mpaka tone likadondoka kwenye "yupo". Akakaa akaitunza hivyo. Kila ilipotaka kusinzia, aliiamsha. Hakutoka hata kwenda kunywa chai.

Sista Matone aliporudi, jua lilikuwa limeshapita dirisha la kwanza. Kabla hajafika kitandani aliiona chupa, jinsi ilivyobaki nyeupe na tupu juu, akaongeza hatua.

"Ilikuwa imelala, Sista," alisema Mama Kinda, uso umemng'aa kwa usingizi na fahari. "Nimeiamsha. Inafuata maneno yako sawasawa."

Mkono wa Sista Matone ulifunga kigurudumu kabla kinywa chake hakijapata neno. Kope za mtoto zilikuwa zimevimba. Alikuwa akihema haraka haraka, mbavu zikiingia ndani, na mdomoni mwake mlisikika mchemko mdogo, kama chungu kilichoinjikwa mbali. Mchemko ule kila muuguzi wa watoto anaujua na kila mmoja anaomba asiusikie.

Daktari alikuja mbio. Oksijeni. Dawa ya kukojoza maji. "Miligramu moja kwa kilo." "Sita." "Kichupa kina ishirini kwa mililita mbili." "Pointi sita." "Pointi sita." Sauti zao zilikuwa tulivu, namba zao zilikuwa sahihi, na hazikuokoa kitu. Mama Kinda alisimamishwa pembeni, mikono kichwani, akiuliza kila aliyepita, "Kwani ugonjwa umerudi? Si alikuwa amenyonya asubuhi?" Kabla akina baba hawajaanza kuingia kwa saa ya kutazama wagonjwa, mtoto alikuwa ameshafunikwa.

Nyumbani Sista Matone alikuta mumewe, fundi cherehani, amemwekea chakula chini ya kawa. Binti yao alikuwa akisomea kwenye kona ya meza ile ile ya kukatia nguo. Alikaa, hakula. Kidole chake kiligonga meza, kikasubiri, kikagonga.

"Mama, acha," alisema binti. "Nahesabu."

Akaacha. Akamsimulia mumewe yote, kwa sauti ya chini, na mumewe akasikiliza huku sindano imesimama nusu ya mshono.

"Wewe uliweka nane," alisema mumewe.

"Nane."

"Na daktari aliona."

"Aliona."

"Basi mke wangu, usijitwishe gunia lisilo lako. Kesho sema ukweli uishe."

"Ukweli uishe wapi? Ukiisha kwangu unaanzia kwake. Yule msichana ataishi nao."

"Na wewe je?"

Mumewe akakanyaga cherehani, akaacha, akakanyaga tena.

Asubuhi kulikuwa na kikao ofisini kwa matroni. Mtoto akifa wodini lazima wakae waulizane sababu. Matroni alikuwa ameshazungumza na Bibi wa Dirishani, na alikuwa na sura ya mtu aliyeupata mlango wa kutokea.

"Mzazi aligusa dripu," alisema. "Bibi ameniambia kila kitu. Ndivyo ilivyokuwa, ndivyo tutakavyosema. Baba wa mtoto yuko hapo nje, anauliza nani aliyafungua maji. Sikia, wewe ni mkono wangu wa kulia. Sitaki ukatwe kwa kosa la mtu mwingine."

"Matroni, yule mama hajui."

"Hajui nini?"

"Hajui kwamba ni mkono wake. Anadhani mtoto kafa kwa kuharisha."

Matroni alitazama dirishani. Si mtu mbaya, naye alizika watoto wake mwenyewe. "Atajua tu," alisema. "Mambo kama haya hayana kifuniko." Akafungua mlango akawaita.

Fundi baiskeli aliingia mbele, Mama Kinda nyuma yake, kanga imevutwa mpaka kwenye nyusi. Daktari aliingia wa mwisho, akakaa pembeni. Fundi baiskeli hakukaa.

"Mimi sina maneno mengi," alisema. "Niliambiwa mtoto ananyonya. Watu kule wodini wananong'ona maji, maji. Nataka kujua nani aliyafungua."

Matroni alikohoa. "Baba, kwanza pole sana. Katika wodi zetu wazazi hutusaidia..."

Hapo Mama Kinda aliinua uso. Sista Matone aliliona jambo likimjia polepole, kama mtu anayesikia hatua nje ya mlango wake na bado hajajua ni za nani.

"Sista," alisema Mama Kinda. "Ile dripu. Nilipoiamsha..."

"Hukuiamsha wewe," Sista Matone alidakia. "Ilikuwa wazi tangu mwanzo. Mimi ndiye niliyeiweka vibaya. Ule mpira ni wa wakubwa, matone yake ni makubwa mara tatu, nami niliyahesabu kama ya mpira wa kwanza. Wewe ulikigusa kigurudumu kikiwa kimeshafunguka. Maji yalishaingia."

Daktari alivua miwani yake, uzi ukanasa sikioni. Yeye aliisikia ile nane kwa masikio yake, aliirudia kwa kinywa chake. Sista Matone alimtazama, akamwomba kwa macho, na daktari akainamisha kichwa akaanza kukinasua kile kiuzi.

Wala haukuwa uongo wote, aliwaza. Maneno yalikuwa yake. Sheria ilikuwa yake. Yeye ndiye aliyewafundisha kina mama wote wale kumwamini yeye kuliko macho yao.

Mabega ya Mama Kinda yalishuka. Kwa kitambo kidogo alikuwa na uso wa mtu aliyetuliwa mzigo, uso wa kinda hasa. Halafu ule uso ukaondoka, ukaja mwingine.

"Kumbe ni wewe," alisema.

"Ni mimi."

"Ukanikalisha pale. Mchana kutwa nasema mama yupo, mama yupo. Kumbe unaniimbisha nikimuua."

"Hukumuua wewe. Shika hilo. Si wewe."

"Najua si mimi. Ni wewe."

Fundi baiskeli alimshika mkewe begani. Alimtazama Sista Matone kwa muda, si kwa hasira, bali kama anayetazama chuma kilichovunjika mahali pasipoungika. "Una mtoto, wewe?"

"Ninaye."

"Haya," alisema. "Mungu akutunzie." Wakatoka, na lile "akutunzie" likabaki limemchoma kuliko tusi.

Matroni alipiga meza kwa kiganja. "Umefanya nini? Barua ya kukusimamisha kazi itakuja, na mimi sitaweza kuizuia."

"Ije."

"Rudi wodini mpaka ije. Na hayo mambo ya wazazi kushika dripu yamekwisha leo. Asiguse mtu, asihesabu mtu."

Alirudi. Habari ilikuwa imemtangulia. Alipokaribia kitanda cha kwanza, mama wa hapo, yule aliyejigamba juzi kwamba mwanawe amepanda cheo, aliweka mkono wake juu ya mguu wa mtoto.

"Tunamsubiri nesi mwingine," alisema, kwa adabu.

Bibi wa Dirishani alikuwa amesimama. "Mimi nitasema," alinong'ona. "Nitawaambia wote. Ni mimi niliyemsukuma yule binti. Wewe uliweka sawa, niliona."

"Hukuona kitu, Bibi."

"Niliona kwa macho yangu haya."

"Ukisema, atasikia. Atarudi nyumbani na mume wake, na kila wakigombana litatajwa. Unataka hivyo?"

Bibi aliketi kwenye bonde la kitanda chake, akajifunika uso kwa upande wa kanga.

Wodi ilikuwa kimya. Hakuna aliyenong'ona chochote. Kwenye kitanda cha pembeni mtoto alikuwa amekunja mkono, dripu imesimama kabisa, na uzi mwekundu wa damu ulikuwa umeanza kupanda ndani ya mpira. Mama yake alikuwa akiutazama, mikono ameikalia.

"Mbona hukuita?" Sista Matone aliuliza.

"Tumeambiwa tusiguse."

"Kuita si kugusa."

"Niliogopa," alisema yule mama. "Sijui tena ipi ni sawa."

Sista Matone aliunyoosha mkono wa mtoto, akajaribu kuizibua sindano. Ilikuwa imeshaziba. Itabidi atobolewe upya, na mishipa yake ilikuwa imekwisha. Alimwita muuguzi mwenzake. Akachukua saa yake kuonyesha mwendo wa matone, akauliza kilo, akaambiwa saba na nusu. Saba na nusu mara nne. Alijua jibu. Lilikuwa limekaa pale pale lilipokaa siku zote. Lakini alipotaka kulitamka kinywa hakikukubali, na mwenzake alisimama akisubiri, akasubiri, mpaka akalisema mwenyewe.

"Thelathini?"

"Muulize daktari," alisema Sista Matone. "Usiniulize mimi."

Alivua saa akamwekea mkononi. Alipita katikati ya vitanda, hakuna aliyemwita, akashuka ngazi za mbele, akakatiza uwanja ambapo ndugu wa wagonjwa walikuwa wameanika nepi kwenye ua wa michongoma. Mlinzi wa getini alimfungulia.

"Mapema leo, Sista. Unarudi saa ngapi?"

Alifungua kinywa kama anayetaka kumwambia, kisha akampa mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akatoka. Barua ilipokuja, matroni aliituma nyumbani kwao mara mbili. Mara zote mbili fundi cherehani aliipokea mlangoni akasema mkewe yupo, ila hawezi kutoka.